Vitafunio vya nyumbani na matumizi ya kaya

Vitafunio, au vitafunwa kama wengi wanavyoviita Tanzania Bara, ni vyakula vyepesi vinavyoliwa na chai asubuhi au jioni, na ndivyo pia anavyofungiwa mtoto anayekwenda shule. Katika miji ya Afrika ya Mashariki, ambako wazazi wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, kaya hugawanya vitafunio vyake kati ya vile vinavyonunuliwa kwa mama ntilie au kwenye kioski na vile vinavyopikwa nyumbani. Dai kwamba vya nyumbani ni nafuu daima huwa kweli kwa masharti tu: gharama ya andazi moja ni unga na sukari, lakini pia ni mafuta, mkaa au gesi, na muda wa mpishi, na kaya nyingi huhesabu viwili vya kwanza na kusahau vilivyobaki. Kwa sababu hiyo vitafunio vinavyomfaa mzazi mwenye shughuli nyingi ni vile ambavyo sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika usiku, nafaka ikilowa na unga ukiumuka, huku mpishi mwenyewe amelala.

Vitumbua ni mfano bora wa jambo hilo. Ni vikate vya mviringo vya mchele, nazi, sukari na iliki, vinavyopikwa katika kikaango cha chuma chenye vishimo, chombo ambacho wapishi wa kusini mwa India nao wana kinachofanana nacho. Mchele si lazima uwe wa daraja la juu; chenga, yaani punje zilizovunjika wakati wa kukoboa, huuzwa kwa bei ndogo zaidi na hulainika upesi zaidi zikilowekwa. Nusu kilo ya chenga iliyolowekwa asubuhi kabla ya kutoka huwa tayari kusagwa jioni pamoja na tui zito, na konzi ya wali uliopikwa ikiongezwa wakati wa kusaga huvifanya vitumbua viwe laini ndani. Rojo hilo hutiwa hamira, yaani viumbe vidogo vya jamii ya kuvu ambavyo hula sukari na kutoa hewa inayoumua unga. Hapa ndipo wengi hukosea: kijiko kizima cha chai kinachotosha rojo la kupikwa baada ya saa moja huwa kingi mno kwa rojo la kulala, hasa katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, na matokeo yake ni uchachu. Robo ya kijiko inatosha, na sukari hutiwa asubuhi. Wakati wa kupika, kila kishimo huwekewa mafuta kidogo, rojo humiminwa, na kitumbua hugeuzwa kwa kijiti mara ukingo wake unapoanza kuwa wa hudhurungi huku katikati kukiwa bado na majimaji. Kikisubiri hadi kikauke juu, hakigeuki vizuri na hupasuka. Mafuta yanayotumika ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo karai la maandazi hudai, na katika miaka ambayo bei ya mafuta ya kula ilipanda ghafla, kama ilivyokuwa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuvuruga biashara ya alizeti, tofauti hiyo ilionekana wazi katika matumizi ya wiki.

Maandazi, na mahamri ya Pwani ambayo hukandwa kwa tui la nazi na kuliwa kwa mbaazi, yanahitaji mafuta mengi ili yaelee, na gharama yake hupungua tu pale kaya inapokaanga mengi kwa mkupuo mmoja. Mafuta hayo yakipoa yachujwe kwa kitambaa safi ili yasibaki na punje za unga zinazoungua, kisha yahifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa mbali na mwanga. Yanaweza kutumika tena mara chache, lakini yakishakuwa meusi, yakatoa povu au moshi kabla ya kupata moto vizuri, kuyabakiza ni akiba ya uongo. Kaimati, tonge ndogo za unga wa ngano zinazokaangwa na kuzungushwa katika shira ya sukari, ni za namna hiyo hiyo, na ndiyo maana kaya nyingi huziwekea Ramadhani na sikukuu.

Nafuu kuliko vyote ni vya kuchemsha: mihogo, viazi vitamu, magimbi, boga na mahindi mabichi. Mihogo na mahindi, pamoja na karanga, viliingia Afrika kutoka bara la Amerika kwa njia ya biashara ya Wareno, na leo ni vyakula vya kila siku ambavyo havihitaji hamira, sukari wala mafuta. Inasikitisha kwamba sahani ya viazi vitamu mara nyingi huonwa kuwa ya kimaskini mbele ya mkate wa dukani, ilhali hushibisha zaidi kwa pesa hiyo hiyo. Sharti moja halikwepeki kuhusu muhogo mchungu, ambao una viambata vinavyotoa sumu ya sianidi: haufai kuchemshwa tu na kuliwa kama ule mtamu, bali humenywa, hulowekwa siku kadhaa na kukaushwa kwanza.

Kiporo, chakula kilichobaki jana, nacho ni kitafunio cha asubuhi katika nyumba nyingi. Wali uliolala nje ya friji katika joto huweza kuzalisha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto, kwa hiyo wali unaokusudiwa kuliwa kesho hupozwa upesi katika sinia pana na kuwekwa kwenye baridi usiku uleule. Ndizi zilizoiva mno hazina hatari hiyo. Uganda hupondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, kisha hukaangwa kuwa kabalagala, na utamu wa ndizi zenyewe huondoa haja ya sukari.

Ushauri wa kununua kwa jumla hutolewa kwa wepesi na watu wenye mishahara ya mwezi. Mafuta ya kupima, sukari ya robo na unga wa nusu kilo hugharimu zaidi kwa kila kipimo kuliko mfuko mzima, lakini anayelipwa kwa siku hawezi kutoa fedha ya mfuko mzima kwa mara moja. Njia ambayo imeonekana kufaa ni ya kuchanga: katika mchezo, ambao huitwa pia upatu, kila mwanachama hutoa kiasi kilekile kila mara na kupokea jumla yake kwa zamu, na kijumbe, yaani mtu anayekusanya na kukabidhi, huhakikisha zamu inafuatwa. Vikundi vingine hununua gunia la mchele au dumu la mafuta na kugawana kwa mizani.

Katika nishati, akiba kubwa huanza kabla ya moto kuwashwa. Maharage, kunde na dengu nzima zilizolowekwa usiku huiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria iliyochemka inaweza kufunikwa na kuwekwa katika kikapu kilichojazwa vitambaa au pamba ili iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Majiko banifu, yaani yanayotumia mkaa au kuni kidogo, yako ya aina nyingi. Lile la bati lenye kikombe cha udongo ndani lilienea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa Thailand. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Kashata za karanga, ambazo ni karanga zilizokaangwa na kushikanishwa kwa sukari iliyoyeyuka, hupikwa kwa nusu saa na hukaa wiki kadhaa katika chombo kisichopitisha hewa. Ubora wake wote umo katika karanga. Punje zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida hutupwa, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu ambayo jiko la nyumbani haliwezi kuiondoa. Mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala bisi, kwani humpalia kwa urahisi. Karanga zake zisagwe na kutiwa katika uji.