Pengo la Kidato cha Pili: Hisabati na Sayansi baada ya Korona nchini Kenya

Mijadala mingi kuhusu kufungwa kwa shule wakati wa korona huhesabu miezi iliyopotea, kana kwamba mwezi wa historia na mwezi wa kemia hupotea kwa namna moja. Makala haya yanashikilia kwamba hisabati na sayansi zilipata hasara ya aina yake, na kwamba namna wanafunzi walivyorudishwa darasani iliizidisha.

Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule tarehe 15 Machi 2020. Kidato cha nne kilirudi Oktoba 12. Vidato vya chini vikasubiri hadi Januari 4, 2021. Katika kipindi hicho masomo yalipeperushwa redioni na kwenye runinga, na wenye simu na pesa za bando wakasomea mtandaoni. Juhudi hizo hazifai kubezwa. Hata hivyo, redio haimwoni mwanafunzi aliyekosea alama ya kutoa katika mstari wa tatu wa mlinganyo. Asiposahihishwa, hulirudia kosa hilo mpaka liwe mazoea.

Upande wa sayansi, kilichokosekana ni mikono. Katika jaribio la kemia, mwanafunzi hushika koki ya bureti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akizungusha chupa, huku besi ikidondoka ndani ya asidi tone baada ya tone mpaka kiashiria kigeuke waridi hafifu. Tone likizidi, rangi inakolea na jibu linaharibika. Ustadi huo haupatikani kwa kutazama. Isitoshe, hesabu ya moli inayofuata ni uwiano mtupu, yaani hisabati ya vidato vya mwanzo. Aliyeyumba kwenye uwiano huyumba maabarani, na mara nyingi hudhani tatizo lake ni kemia.

Kuwatanguliza watahiniwa kulieleweka, maana mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, ulikuwa unawasubiri. Lakini kitaaluma, waliohitaji kushikwa mkono zaidi walikuwa kidato cha pili. Ni mwishoni mwa kidato hicho ambapo wengi walikuwa wakiamua kama wataendelea na fizikia au wataiacha. Hisabati haikuwa na mlango huo wa kutokea, kwani ilikuwa ya lazima. Kundi la 2020 lilifanya uamuzi huo baada ya kukaa nyumbani zaidi ya miezi tisa, kisha likaingia kwenye mihula iliyofupishwa. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023, wakati wao walikuwa wameshafanya KCSE. Mwalimu aliyebanwa na uchache wa wiki hukimbiza silabasi, na cha kwanza kukatwa ni kipindi cha maabara (mwalimu gani wa kemia atabisha?).

Mei 2024 mafuriko yaliahirisha tena ufunguzi wa shule, kwa hiyo suala hili halijapitwa na wakati. Shule zikifungwa tena, Wizara ya Elimu iyatengee madarasa ya chini ya sekondari wiki za kurudia misingi kabla ya mada mpya, na vipindi vya maabara vilindwe kwenye ratiba kama mitihani inavyolindwa.