Noti za Banki ya Kongo ya Wabelgiji: karatasi iliyobeba jasho la mababu

Katika masanduku ya wazee wa Kivu, Ituri, Kisangani na Katanga, mtu anaweza bado kukuta noti iliyoandikwa «Banque du Congo Belge». Nyingine imewekwa katikati ya kurasa za Biblia, nyingine imefungwa katika kitambaa pamoja na karatasi za kazi za babu. Leo noti hiyo hainunui hata chumvi sokoni. Lakini katika nchi nyingi kuna watu wanaokusanya noti za kale na kuzilipia. Na kwa jamaa ambayo vita vimeifukuza kijijini, karatasi hiyo pengine ndiyo kitu pekee cha babu kilichobaki. Ndiyo maana inafaa kujua noti hizo zilitoka wapi na zilifanya kazi gani.

Watu wa Kongo hawakungoja Mzungu ili wafanye biashara. Katanga kulikuwa misalaba ya shaba. Kwenye mto Kongo zilitumika nyaya za shaba zilizoitwa mitako. Kandokando ya Ziwa Kivu watu walibadilishana vitu kwa butega, yaani bangili za nyuzi za mimea zilizotoka upande wa msitu. Chumvi, shanga na majembe pia vilikuwa mali ya kununulia.

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold II. Mwaka uliofuata, 1909, Banque du Congo Belge ilianzishwa Brussels. Haikuwa mali ya watu wa Kongo, wala haikuwa ofisi ya serikali. Ilikuwa kampuni ya wenye hisa wa Ubelgiji. Mwaka 1911 ilipewa haki ya peke yake ya kutoa noti katika koloni, na noti zake za kwanza zina tarehe ya 1912.

Noti hizo za mwanzo ziliandikwa jina la mji wa tawi lililozitoa: Matadi, Kinshasa, Léopoldville, Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo, au Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi. Maneno yake yalikuwa ya Kifaransa na Kiflamand, lugha mbili za Ubelgiji. Mama wa sokoni asiyejua lugha hizo alitambua noti kwa rangi, kwa picha na kwa ukubwa wake.

Kwa nini mkulima wa kijijini, aliyekuwa na shamba lake na mbuzi wake, alianza kuitafuta karatasi hiyo? Jibu kubwa ni kodi. Wakati wa Leopold II, Bula Matari aliwatoza watu mpira na kazi ya nguvu. Kisha amri ya mwaka 1910 ikaweka kodi ya kichwa ya kulipwa kwa franka, na mwenye wake wengi aliongezewa. Asiyelipa alifungwa. Kwa hiyo franka ilipaswa kutafutwa mahali ilipo: kwenye migodi ya Union Minière huko Katanga, kwenye njia ya reli, kwenye mashamba ya Wazungu, au kwa kuuza pamba ambayo serikali yenyewe ililazimisha watu kuilima. Vijana wengi waliacha vijiji vyao kwa ajili hiyo. Miji mingi ya leo ilijazwa na watu waliokwenda kutafuta pesa ya kodi, na jamaa nyingi zilitawanyika hivyo tangu wakati ule.

Noti za wakati wa vita vya pili vya dunia zinajulikana sana kwa wakusanyaji kwa sababu ya picha zake nzuri. Mnamo Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na koloni likabaki upande wa Uingereza na wenzake. Noti zenye maneno «Émission 1941» na zile zilizofuata zinaonyesha mtumbwi wenye wapiga kasia, chui, tembo, na mcheza ngoma wa Intore, kwani Ruanda-Urundi nayo ilitumia franka ya Kongo.

Lakini picha hizo hazisemi yote. Mwaka huohuo wa 1941 bei za vitu zilipanda, na wafanyakazi wa migodi ya Katanga waligoma wakidai mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Mwaka uliofuata, siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, ili mpira, pamba na mazao mengine yaende vitani. Anayeshika noti ya miaka ile ameshika pesa ambayo watu walikufa wakiidai.

Mwaka 1952 kazi ya kutoa noti ilihamia kwenye banki mpya, Banki Kuu ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Hivyo noti moja ilitumika Bukavu, Kigali na Usumbura. Banki ile ya 1909 iliendelea na biashara ya kawaida. Ilibadilisha majina pamoja na nchi, ikafahamika kwa miaka mingi kama BCDC, na leo imeungana na Equity.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, pesa nayo iligawanyika. Katanga iliyojitenga iliweka muhuri wake juu ya noti za Ruanda-Urundi, kisha ikatoa noti zake zenye sura ya Moïse Tshombe. Huko Léopoldville, noti za zamani zilipigwa muhuri wa Conseil Monétaire. Mwaka 1967 franka iliondolewa: franka 1000 zikawa zaire moja, yenye makuta 100. Mpaka leo wengi wetu wa Kongo bado huita pesa yoyote «makuta», hata pale franka iliporudi mwaka 1998.

Kila mabadiliko yaliacha watu wakiwa na karatasi mkononi. Mwezi Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10 na kutoa muda mfupi wa kuzibadilisha. Waliokaa mbali na banki, wale walioficha akiba chini ya kitanda au ndani ya chungu, walipoteza. Basi noti ya zamani ndani ya sanduku si lazima iwe kumbukumbu iliyochaguliwa. Pengine ni mshahara wa miezi mingi ambao mwenyewe hakufika kuubadilisha.

Ndugu msikilizaji, nawe mama au baba uliye kambini, ukiwa na noti kama hiyo, jua mambo machache. Hakuna banki itakayoibadilisha kwa pesa ya leo. Anayekuomba malipo ya «kukubadilishia» anakudanganya. Kuwa ya kale hakutoshi kuifanya ghali. Wakusanyaji wanaangalia mwaka, mji ulioandikwa, sahihi, na hasa hali ya karatasi. Noti safi isiyokunjwa inaweza kuwa na bei mara nyingi kuliko ile iliyochakaa. Kwa hiyo usiioshe, usiipige pasi, usiibandike kwa gundi. Iweke ndani ya bahasha kavu, katikati ya kitabu, mbali na jua na mvua. Usikubali bei ya mtu wa kwanza. Uliza wengine kwanza.

Na kabla ya kuuza au kutunza, fanya jambo moja lisilogharimu kitu. Muulize mzee aliye karibu: noti hii ilikuwa ya nani? Aliipata kwa kazi gani, mgodini, kwenye reli au kwenye pamba? Alitoka kijiji gani? Andika majibu katika karatasi na uyaweke pamoja na noti. Mkusanyaji wa mbali anaweza kujua namba na tarehe, lakini jina la aliyeitolea jasho mnalijua ninyi peke yenu, na wazee wanaolikumbuka wanapungua kila mwaka.