Kwinini ya Amani na siri ya misuli

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, mashariki ya milima ya Lushoto, ndiko iliko Amani. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902, wakapanda mikwinini, miti ya asili ya Amerika ya Kusini. Vita vya 1914 vilipozuka na manowari za Waingereza zikaziba pwani, gome la miti hiyo likatengenezwa vidonge vya kwinini, dawa ya homa ya malaria, kwa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Amani ilipotekwa mwaka 1916, waliorudi nyuma kuelekea kusini walichemsha gome na kunywa maji yake machungu.

Habari hizo za homa zimesimuliwa sana. Za misuli hazisimuliwi, nami naziona nzito vilevile.

Mwaka 1905, John Langley wa Cambridge alitumia nikotini na kurare, sumu ya mishale, kuonyesha kwamba msuli una kitu kinachopokea amri ya neva. Nikotini hukiamsha, kurare hukizuia. Leo tunaviita vipokezi vya nikotini, na kwinini nayo huvizuia, ingawa si kwa nguvu ya kurare. Mwaka 1937 Foster Kennedy na Alexander Wolf wa New York walieleza kuwa kwinini iliwapa nafuu watu ambao misuli yao hukakamaa, lakini iliwadhoofisha zaidi wagonjwa wa miastenia. Wagonjwa hao vipokezi vyao vimeshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Vichache vilivyobaki vikizuiwa, hata kumeza na kupumua huwa shida.

Ila kizuizi hichohicho kina wanaokihitaji. Wapo wanaozaliwa na vipokezi vinavyochelewa kujifunga, na msuli huharibika kwa kuachwa wazi mno. Mwaka 1998 Andrew Engel na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapa kwinidini, ndugu ya kwinini kutoka gome lilelile, nao wakapata nguvu.

Chini ya Amani, Hospitali ya Teule, Muheza, ilishiriki jaribio la 2005 hadi 2010 lililohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Waliokufa walikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti, dawa nyingine ya malaria, na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Tangu hapo atesuneti imetangulia, na kwinini hushikwa pale inapokosekana. Anayeandika kwinini amwulize kwanza mgonjwa kama kope humwangukia jioni au chakula humkwama kooni, dalili za miastenia.