Uteuzi wa Mwenzi katika Maniema: Nadharia ya Mageuko Mbele ya Historia

Mwaka 1871 Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsi. Kwa mujibu wake, miongoni mwa wanyama wengi jike ndiye achaguaye, na madume hushindania kukubaliwa. Kwa binadamu, alikiri, mwanamume alikwisha kujitwalia uwezo huo kwa nguvu.

Mwaka huohuo David Livingstone alikuwa Nyangwe, penye soko mashuhuri ukingoni mwa Lualaba, kusini mwa mahali ulipo leo mji wa Kindu. Tarehe 15 Julai watu wa misafara ya wafanyabiashara waliwafyatulia risasi waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, mamia walikufa. Katika miongo hiyo ya biashara ya pembe na watumwa, wanawake wengi wa Maniema walitekwa wakafanywa masuria. Hapo hapakuwa na uteuzi, bali utekaji.

Mwaka 1989 David Buss alitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 10,047 katika nchi 33. Kwa jumla wanawake walithamini zaidi uwezo wa mali wa mume, na wanaume ujana na sura ya mke. Buss aliona humo urithi wa mageuko. Kongo haikuwamo. Aidha, mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood waliyachambua upya matokeo hayo, wakaonyesha kwamba baadhi ya tofauti hizo hupungua pale usawa wa jinsia unapozidi.

Mfano wa Walega, wakaao pia Pangi, mashariki mwa Kindu, unatia uzito hoja hii. Katika chama cha Bwami, ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1948, mwanamume hakufikia daraja la juu kabisa pasipo mke aliyeingizwa chamani. Mke bora, basi, hakupimwa kwa sura na ujana tu. Alikuwa mshirika wa heshima.

Sheria ya Familia ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Marekebisho ya 2016 yameweka miaka 18 kwa wote, na ridhaa ya kila mchumba ni sharti. Nadharia ya mageuko yaweza kueleza matamanio ya mchaguaji. Nani alipewa nafasi ya kuchagua, hilo ni swali la historia.