Dubu Mweupe na Wakulima Waliokataa Kubahatisha

Hebu jibu swali hili. Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali na theluji haikosekani. Je, dubu wa huko wana rangi gani?

Weupe, bila shaka. Umejibu kabla sijamaliza kuuliza, na labda unajiuliza mtu anawezaje kukosa swali jepesi hivi. Basi, mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia kijana wa Kirusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan na Kirgizia akiwa na maswali ya aina hiyo. Wakulima wengi wasiojua kusoma wala kuandika walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko. Walisema kila nchi ina wanyama wake. Mmoja alisema yeye kamwona dubu mweusi tu, wengine hajawaona, sasa asemeje?

Luria na rafiki yake Lev Vygotsky (aliyebaki Moscow, kifua kikuu kilikuwa kinammaliza) waliamini kwamba akili ya mtu hubadilika maisha yake yakibadilika. Na huo ndio ulikuwa wakati serikali ya Stalin inawaingiza wakulima kwenye mashamba ya pamoja kwa nguvu. Wanakijiji waliopata kisomo kidogo, wakazoea mikutano ya mashamba hayo, walijibu vizuri: weupe. Luria akahitimisha kwamba fikra za maisha ya zamani zimefungwa kwenye yale ambayo jicho limeona. Cha ajabu, wakubwa hawakumshukuru. Alishutumiwa kwamba anawadhalilisha watu wa mataifa madogo, na kitabu chake kikakaa kabatini mpaka 1974.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na majibu ya wale wazee yananikumbusha mhariri wangu. Ukimpelekea habari anauliza: nani kakuambia? Ulikuwepo? Kwenye chumba cha habari mtu anayekataa kusema asichokiona tunamwita makini. Kijijini Uzbekistan aliitwa mtu ambaye fikra zake hazijakomaa! Halafu fikiria mwaka wenyewe. Mifugo inachukuliwa, jirani yako kapelekwa kusikojulikana, mara anakuja mgeni kutoka mjini na daftari anataka ukubali jambo kwa sababu tu yeye kasema. (Nimtendee haki Luria: hakuwa na haraka, alikaa nao kwanza, wakanywa chai na kuzungumza.)

Tena litazame lile jibu lenyewe. Anayesema ni yule aliyeona, mimi sijaona, kwa hiyo sisemi. Kanuni, hali halisi, hitimisho. Mantiki ipo, ila imeanzia kwenye kanuni ya mzee badala ya kanuni ya Luria.

Mmarekani Michael Cole, aliyewahi kwenda Moscow kusoma kwa Luria huyo huyo, aliipeleka hoja hii Liberia miaka ya 1960. Huko mwenzake Joseph Glick aliwapa wakulima wa Kikpelle vitu 20: vyakula, vyombo, nguo na zana za kazi. Wavipange, vinavyofanana vikae pamoja. Wao wakaweka kisu na chungwa, kwa sababu kisu ndicho kinachokata chungwa. Walipoulizwa kwa nini, wakasema mtu mwenye busara hupanga hivyo. Glick akachoka, akauliza: na mjinga angepangaje? Wakapanga upya: vyakula huku, zana kule, nguo pale. Yaani mpangilio ule ule wataalamu walioutafuta tangu asubuhi. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo, na bado nacheka.

Baadaye Cole na Sylvia Scribner walikwenda kwa Wavai, pia Liberia, watu wenye maandishi yao wenyewe tangu karne ya 19. Wapo waliosoma Kivai, wapo waliosoma Kiarabu kwa ajili ya Kurani, wapo waliopita shule ya Kiingereza. Katika kitabu chao cha 1981 walieleza kwamba kwenye mafumbo ya mantiki kilichosaidia ni shule. Kujua kusoma peke yake hakukutosha. Shule inakuzoesha mchezo fulani: pokea alichosema mwalimu, usihoji kama ni kweli, toa jibu. Ni mchezo wenye manufaa, sikatai, ndio uliotufikisha chuo kikuu. Lakini kumwita asiyeucheza mshamba asiye na akili, kama tunavyopenda sisi watu wa mjini, ni jambo jingine.

Na sisi wasomi? Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alituandalia mtihani wetu mwaka 1966. Kadi nne ziko mezani: E, K, 4, 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kama kuna irabu upande mmoja, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze kuhakikisha? Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaopatia mara nyingi hawafiki mmoja kati ya kumi. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox walibadilisha kadi tu, kule Florida. Wewe ni polisi: nani umkague, anayekunywa bia, anayekunywa soda, mwenye miaka 22 au mwenye 16? Karibu robo tatu ya wanafunzi walipatia. Fumbo ni lile lile, ila sasa linahusu kitu wanachokifahamu.

Jibu la kadi za Wason ni E na 7. Wengi huchagua E na 4.