Mlango wa Chumvi

Ukipita Gongoni ukielekea Lamu, Marereni utaijua kwa vilima vyake vyeupe. Ni chumvi hiyo. Maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi, jua likayakausha, kinachobaki kikakwanguliwa na kurundikwa. Nyanya yangu aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Baadaye sukari ikampata, kisha figo zikaanza kuchoka. Daktari alipomwambia apunguze chumvi, alicheka: "Mimi niliyeibeba kichwani?"

Tulimzika 2016. Ndipo nikaanza kusoma, nijue ni nini hasa kilichomla.

Hadithi yenyewe inaanzia London. Mwaka 1953, Sylvia Simpson na James Tait, pamoja na wenzao wa Uswisi, walitangaza kwamba wameitenga homoni ambayo leo tunaiita aldosteroni. Kazi yake ni kuiambia figo: shika chumvi, usiiachie. Kwa mababu walioishi mbali na bahari, hiyo ilikuwa rehema.

Lakini homoni peke yake haifanyi kitu. Lazima ikutane na kipokezi, protini ndani ya seli inayoipokea kama kufuli na ufunguo. Mwaka 1987 maabara ya Ronald Evans, California, ilifaulu kunakili jeni ya kipokezi hicho. Polepole ikajulikana kwamba hakiko kwenye figo tu, kiko mpaka moyoni na kwenye mishipa. Kwa mwenye kisukari, kikichochewa kupita kiasi, huwasha uvimbe wa ndani kwa ndani unaoacha makovu. Na figo yenye makovu haichuji.

Dawa ya kukiziba, spironolaktoni, ilikuwako kitambo. Shida ni kwamba iligusa pia vipokezi vya homoni za uzazi, na wanaume wengine wakavimba matiti. Finerenoni ikaundwa ilenge vizuri zaidi. Utafiti wa 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 5,600, ulionyesha inapunguza kasi ya figo kuharibika. Marekani ikaiidhinisha 2021. Haiponyi, jamani, na inaweza kupandisha potasiamu, kwa hivyo damu hupimwa mara kwa mara.

Kwa nyanya ilichelewa miaka mitano. Lakini mama naye ana sukari. Mwezi jana nilimsindikiza kupima mkojo, tuone kama protini inavuja. Aliniuliza mbona nina haraka, na yeye haumwi popote.

Nikamwambia, hata nyanya hakuumwa mwanzoni.