Mtawa Aliyemwombea Shetani

Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Chifu Kivoi, na wengi wetu huku Ukambani hufikiri habari za Kristo zilianza naye. Lakini Krapf mwenyewe, kabla ya kuja Mombasa mwaka 1844, alikaa Shoa katika Ethiopia, akakuta huko kanisa lililokuwapo tangu karne ya 4. Katika Shoa hiyo alizaliwa, katika karne ya 15, mama aliyeitwa Krestos Samra, yaani Kristo amependezwa naye.

Alikuwa na mume, watoto, mali na watumishi wengi. Kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa kwa Kigeez, hakimfichi. Siku moja alimkasirikia msichana wake wa kazi, akamsokomeza kijinga cha moto kinywani, hata akafa. Mama akatetemeka, akamlilia Mungu, na kitabu chasema msichana alifufuka. Ndipo akaiacha nyumba yake, akaenda kuwa mtawa Debre Libanos, na baadaye Ziwa Tana, alikosimama majini akiomba.

Sisi Waanglikana hatuzipokei habari hizi kama tupokeavyo Maandiko. Hata hivyo, sikieni ombi lake. Alimsihi Mungu amsamehe Shetani, ili wana wa Adamu wasiteseke tena kwa ajili yake. Akatumwa kuzimu pamoja na malaika Mikaeli. Shetani hakushukuru hata kidogo! Alighadhibika, akamkamata na kumburuta ndani. Mikaeli akamwokoa kwa upanga, naye akatoka pamoja na roho nyingi zilizokuwa kifungoni.

Ukiniuliza kama mwanafunzi wa theolojia, nitakuambia ombi lile silikubali. Lakini namwelewa aliyeliomba. Mathayo 5:44 sisi huisoma tukimfikiria jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, na hata huyo twashindwa kumwombea. Krestos Samra alijua mkono wake ulifanya nini jikoni, akajua amesamehewa. Baada ya hapo hakumwona yeyote aliye mbali mno asiombewe.

Nayo ghadhabu ya jikoni haikubaki Shoa. Wako wasichana wa kazi katika nyumba zetu, tena nyumba za wazee wa kanisa, ambao hakuna anayewaita kwa jina. Mama unayenisikiliza, nawe baba, msichana wako amekula nini leo, na usiku huu atalala wapi?